Barua ya Wazi kwa Mtunza Mihuri ya Serikali

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria, Kinshasa.

Sisi raia wako wa Mutarule, katika bonde la Ruzizi, twakuandikia si kwa kulalamika, hasha, bali kwa kushukuru. Maana sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ihusuyo hifadhi ya mtoto, ni sheria ya insafu na huruma, iliyoamuru ziwepo mahakama za watoto, ikampa hakimu idhini ya kumpeleka mtoto mkosaji katika kituo cha tiba na malezi badala ya korokoroni. Nasi hatuna shaka kwamba kituo hicho, madhali kimetajwa katika sheria, kipo, na kwamba kutokiona kwetu ni upungufu wa macho yetu.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa hapa kijijini, wengine ibadani, wengine wakiteketea majumbani mwao, na jeshi la nchi pamoja na askari wa Umoja wa Mataifa, ambao kambi zao hazikuwa mbali, hawakuja kuzuia. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 usiku ule, kisha akakua akishtuka kila mlango ugongwapo, serikali haikupata wasaa wa kumtazama, wala si ajabu, kwani alikuwa hajaiba kitu. Alipotimiza miaka 14, mwaka 2023, umri ambao sheria yaanza kumhesabia makosa, ndipo angeweza, kwa mbuzi mmoja tu wa jirani, kutambuliwa na dola kwa jina na ukoo wake.

Tumestaajabia pia ushirikiano wa wakuu: polisi humpeleka mtoto huyo kwa hakimu, hakimu kwa ofisi ya mambo ya jamii, ofisi kwa mamaye, mama kwenye chumba cha maombi, na mchungaji, akishindwa na pepo, humrejesha polisi, kila mmoja akiwa ametimiza wajibu wake. Ama hospitali ya maradhi ya akili ya SOSAME, hiyo iko Bukavu, nyuma ya miteremko ya Ngomo, na mama asiye na nauli ana uhuru kamili wa kuitazama milima.

Twaomba jambo dogo, lisilohitaji sheria mpya: hakimu, msaidizi wa jamii, muuguzi, chifu na mzazi waketi pamoja juu ya kila mtoto, mmoja wao awe ndiye wa kuulizwa, na muuguzi wa kijiji afunzwe maradhi ya akili, apewe na dawa zake.

Sheria yenu ilizaliwa 2009, Mheshimiwa. Imekwisha kupita miaka 14. Umri wa kutoulizwa umeisha.

Wasalaam.