Heko kwa Kutu

Wenye magari ya zamani husifu injini, wengine husifu viti vya ngozi. Mimi nasifu kutu. Hapa Mombasa, ambako upepo wa bahari huingiza chumvi hadi sebuleni, sijaona mchapakazi anayeifikia: haijui Jumapili wala Idi, haidai advansi, na hata gari likilala mwaka mzima bila petroli yenyewe i kazini.

Itazameni Peugeot 504. Ilizinduliwa mwaka 1968, na kufikia 1969 ilikuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Mwaka 1975 Ove Andersson aliishindia Safari Rally, na 1978 ikashinda tena ikiwa na Jean-Pierre Nicolas kwenye usukani. Tope halikuiweza, mawe hayakuiweza. Kutu iliingoja tu iegeshwe chini ya mwembe.

Tena kutu husema kweli tupu. Mwenye kuuza atakuapia kwa Mungu kwamba bodi haijaguswa. Wewe tafuta kilengelenge chini ya mlango, kidogo kama punje ya dengu, ukichokoe kwa bisibisi. Rangi inapasuka, ncha inazama, na ndani unakuta historia yote: fila juu ya fila, wavu wa waya, kipande cha gazeti kilichopakwa rangi kikaitwa chuma. Kutu hula vyuma, lakini kitu kidogo haili.

Na mlaji gani huyu! Chuma, maji na hewa vikikutana, chumvi ikichochea, inakula huku ikivimba, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana rangi huinuka kabla ya tundu kuonekana. Wengine tukila, sahani hupungua.

Isingekuwa kutu, karani kama mimi ningejulia wapi msasa? Sasa najua namba 80 ni ya kukwangua hadi chuma king'ae, 400 ya maji ni ya kulainisha praima, na 2000 ni ya mwisho kabla ya kung'arisha. Najua pia kwamba ukipiga rangi ya thina siku yenye unyevu mwingi itapata ukungu mweupe, na kwamba nzi wa mtaa mzima hungoja koti la mwisho ndipo watue. (Jirani yangu ana gari jipya lenye bampa za plastiki. Jumamosi zake hukaa barazani hana la kufanya, maskini.)

Upande wa kushoto wa gari langu nimeumaliza, unang'aa hadi unajiona ndevu. Wa kulia, niliouanza kabla ya huo, umetoa vilengelenge viwili karibu na madgadi. Mama watoto amevipitishia kidole, akaniuliza kama duka la msasa bado liko wazi.