Bahari Imetoka Kidogo

Kwenye karatasi mimi ni karani wa mapokezi. Kwa vitendo, kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba bosi ametoka kidogo. Nimelisema neno hilo kwa miaka 12. Nalisema simu ikiwa imebanwa begani, nalisema na chai mdomoni, na mke wangu ananiapia kwamba usiku mmoja nililisema usingizini, tena kwa adabu zote. Koti la bosi hubaki juu ya kiti ili tusimkate tamaa mtu. Mgeni akiuliza atarudi saa ngapi, nina jibu la pili: "Msubiri tu."

Mwezi wa Februari nikaona sauti yangu mwenyewe imenichosha. Nikaomba ruhusa ya Ijumaa na Jumatatu, nikaziunga na mwisho wa wiki, nikatafuta mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza chochote. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Muheza, akasema nenda Ushongo, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya Mto Pangani. "Kule kuna kimya," akasema, "hata nazi ikitaka kuanguka inabisha hodi."

Safari yenyewe sina la kuisimulia sana. Basi hadi Tanga, basi jingine hadi Pangani, mji wa milango ya kale ambao, tangu Wajerumani walipomnyonga Abushiri pale mwaka 1889, ni kama uliapa kutoharakisha jambo lolote tena. Nikalala hapo. Asubuhi nikapanda kivuko kwenda Bweni, juu ya maji ya mto yaliyoanza safari Kilimanjaro na Meru yakafika huku rangi ya chai ya maziwa. Kisha bodaboda, kilomita kama 15 za minazi na mkonge. Tulianguka mara moja tu kwenye mchanga, taratibu, kama watu wanaojilaza.

Nikafika ufukweni saa nne asubuhi. Bahari haikuwepo.

Mchanga ulikuwepo, mweupe, umepigwa pasi. Minazi ilikuwepo, imeinama kama ya kwenye kalenda. Ngalawa tatu zilikuwepo, zimekaa pakavu na mikono yake imetandazwa huku na huku kama panzi aliyechoka. Lakini pale ambapo kalenda huweka maji palikuwa na tope linalong'aa, majani ya bahari, na akina mama waliojifunga kanga viunoni, wameinama, wanachokoa pweza mashimoni kwa vijiti. Maji yalikuwa mstari mwembamba huko mbali.

Chini ya mvinje alikaa mzee mmoja akishona wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Poleni na foleni."

"Tumeshapoa, babu. Samahani, hivi bahari iko wapi?"

Akanitazama, akautazama ule mstari kule mbali, akarudi kwenye sindano yake. "Imetoka," akasema. "Imetoka kidogo."

Mwili ulinisisimka. Nimelikimbia neno lile siku nzima na usiku wake, kumbe limepanda basi la mbele yangu. Na sasa mimi ndiye niliyesimama upande wa pili wa meza. Nikauliza kile wanachouliza wao, kwa unyonge uleule wa mtu aliyebana bahasha kwapani: "Itarudi saa ngapi?"

"Saa kumi."

Hakuniambia nisubiri tu. Hakuniambia nijaribu wiki ijayo. Saa kumi! Tena akanifafanulia bila kuombwa. Mwezi umetimia, siku hizi ni za bamvua, maji hukupwa sana asubuhi na kujaa sana alasiri, tofauti yake ikapita kimo cha mtu na nusu. Kesho yatachelewa kama dakika 50, keshokutwa dakika 50 nyingine, mpaka mwezi ubaki nusu na maji yawe mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

"Kwa hiyo kila siku inachelewa?"

"Kila siku. Lakini hukwambia itachelewa kiasi gani."

Babu hakuwa na saa mkononi wala simu. Mimi nilikuwa na vyote viwili, pamoja na koti la bosi kichwani mwangu, na nikanyamaza.

Sasa nina saa sita za kungoja. Nikatoa kwenye begi kile kitu nilichokuwa nakitamani tangu Dar: bembea ya wavu, ya kulalia, niliyoinunua Kariakoo kwa muuzaji aliyeapa kwamba inabeba watu wawili na ugomvi wao. Babu akaishika, akapitisha vidole kwenye matundu.

"Matundu haya hata bwana samaki hana neno nayo," akasema. "Siku hizi wanakagua sana. Lakini wavu huu utavulia nini?"

"Usingizi, babu."

Akacheka mpaka sindano ikamponyoka, akainuka kwenda kula. Angebaki pale labda angenizuia. Au labda asingenizuia. Wazee wa pwani hawana tabia ya kumharibia mtu jambo lililoanza vizuri.

Bembea inataka nguzo mbili. Moja nilipata: mnazi uliolala kuelekea baharini, kama uliopandwa kwa ajili yangu. Mnazi wa pili ulikuwa mbali, kamba haikufika. Katikati yake, hatua chache tu, ilikuwepo ngalawa, imetulia juu ya mchanga kama nyumba ya urithi. Nikafunga upande wa pili kwenye mrengu, ule mti unaotoka ubavuni kushika tengo. Nikavuta, ikakaza. Nikapanga vitu vyangu chini kwa unadhifu wa karani: viatu, begi, chupa ya maji, gazeti. Nikapanda. Nikavua usingizi, tena mkubwa.

Mwanzo nilihisi nabembezwa. Kidogo tu, kushoto, kulia. Nikiwa nusu macho nikamsifu muuzaji wa Kariakoo: hakusema kwamba inajibembeza yenyewe. Kisha mwendo ukaongezeka. Kisha nikasikia mgongo umepoa. Nikafumbua jicho moja.

Bahari ilikuwa imerudi. Haikurudi kwa kishindo. Iliingia kama mwenye nyumba, ikapita chini yangu, ikaenda zake mbele. Viatu vyangu vilikuwa safarini, kimoja kimeshashika njia ya Pemba, kingine bado kinafikiria. Gazeti lilikuwa limefunguka kwenye ukurasa wa michezo na kaa mmoja alikuwa analisoma. Na ile nyumba yangu ya urithi ilikuwa imeinuka, inaelea, inavuta nanga yake kwa furaha. Kila wimbi lilipokuja, ngalawa ilivuta kwake na mnazi ukavuta kwake, nami katikati kama shamba la marehemu linalogombewa na ndugu wawili. Wavu ukanibana. Nilijaribu kushuka, mguu ukapita kwenye tundu. Niliuvuta mguu, mkono ukapita.

Ufukwe wenye kimya, nilioambiwa hauna mtu, ukapata watoto 20 kwa dakika moja.

"Kuna mtu kanasa!"

"Mzungu?"

"Hapana, mtu tu."

Wavuvi walikuwa wanarudi na ngalawa nyingine, wakashuka ndani ya maji mpaka kiunoni, wakanizunguka. Nikadhani watakata kamba. Hakuna aliyetoa kisu. Kamba nzuri haikatwi kwa ajili ya mjinga. Ilifunguliwa fundo baada ya fundo, kwa utulivu, huku wakijadiliana ni nani aliyenifundisha kufunga vile. Babu naye akafika kutoka nyumbani, mswaki mdomoni. Akaniangalia nilivyoning'inia, akayaangalia maji.

"Saa kumi," akasema.

Nilipotua, nikadhani shughuli imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Pale nilipojitandaza ndipo njia. Ngalawa ya kurekebishwa hupandishwa pale maji yanapojaa, kisha samaki hupita palepale kwenda mnadani, na wachuuzi wa baiskeli hushuka palepale. Mimi nilikuwa nimetandika kitanda katikati ya stendi. Hakuna aliyenigombeza. Kijana mmoja alinionyesha tu ubavu wa ngalawa, akaniambia, "Bro, shika hapa." Nikashika. Mmoja anatoa sauti, wengine wanapokea, wote wanasukuma kwa pamoja, na mimi nasukuma nusu sekunde baadaye, peke yangu, wakati ngalawa imeshasimama. Viganja vikachunika. Mtu ambaye kwa miaka 12 kitu kizito alichoinua ni mhuri, hilo ni jambo la kumsimulia mjukuu.

Aliyesukuma haondoki mikono mitupu. Hiyo ni desturi, wanaita kitoweo. Mimi nilipewa kikande. Samaki mnene, mdomo mdogo, uso wa mtu aliyenyimwa likizo. Nikampeleka nilikofikia, kwa mama mmoja anayekodisha chumba cha makuti nyuma ya minazi, nikakataa kusaidiwa. Nikaanza kumpara magamba kwa kijiko. Nikapara nusu saa. Kijiko kikapinda.

"Baba," mama akaniambia kwa upole, "huyo haparwi. Huyo huchunwa, kama mbuzi."

Kweli, ngozi ya kikande unaweza kushonea viatu, na mimi wakati ule nilikuwa navihitaji. Akamchuna kwa dakika tatu, akampika na nazi. Sijala samaki mtamu vile.

Utamu huo ndio ulioniponza asubuhi iliyofuata. Nilitembea pwani nikamkuta samaki mwingine, wa bure kabisa, ametupwa mchangani ambapo wavuvi walikuwa wanachambua nyavu. Mviringo, tumbo jeupe, nono. Nikasema hawa watu wana neema mpaka wanasahau samaki. Nikamnyanyua kwa mkia, nikarudi naye kifua mbele. Mama aliponiona alipiga yowe lililowaamsha kuku wa kijiji.

"Tupa! Tupa hiyo bunju!"

Mimi Bunju ninayoijua ni ile ya Dar es Salaam, mwisho wa daladala, barabara ya Bagamoyo. Sikuelewa kwa nini niitupe. Akanieleza, akiwa ameshanichukua mikono ananinawisha kwa sabuni kama mtoto: bunju ana sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Wavuvi humtupa, paka humpita. Paka! Nilikuwa nimemshinda akili kwa upande wa chini. Tangu siku hiyo kila kondakta akiita "Bunju, Bunju!" mimi nanawa mikono.

Kuhusu kile kimya nilichofuata, niseme machache. Saa kumi alfajiri maji hujaa tena, na watu huondoka nayo: matanga yanapakiwa, mtu anamwita mwenzake aliyelala, mwenzake anajibu kwamba ameshaamka, hajaamka, anaitwa tena. Adhana. Jogoo. Saa nne akina mama na pweza, wakiwapigapiga juu ya jiwe ili walainike. Alasiri mnada, ambapo bei hutajwa kwa sauti ya mtu anayezama. Nilipomlalamikia babu kidogo, alinikumbusha kwamba kwenye pwani hii ya Tanga, kwa miaka mingi, kilichokuwa kikisikika mchana ni baruti za wavuvi haramu, mpaka vikombe vinacheza kabatini. "Hiki unachokisikia sasa," akasema, "ndicho kimya."

Jumapili walinipeleka Maziwe, kisiwa kilichohifadhiwa tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga pale. Miti ikaisha, bahari ikala mchanga, na sasa kimebaki fungu tu: maji yakipwa lipo, yakijaa halipo. Kasa wanaendelea kutaga palepale, na watu huyahamisha mayai hadi Ushongo yasizame. Nilisimama juu ya kisiwa hicho kama dakika 40, nikipiga picha, mpaka nahodha akanigusa bega. "Twende, kaka. Kinatoka."

Jumatatu nilitakiwa kuondoka. Noti zangu, zilizokuwa ndani ya begi, zilikuwa zimeungana zikawa noti moja nene. Zilizobaki zilikuwa kwenye simu, ambayo kwa bahati ilikuwa mfukoni mwa shati siku ile ya bembea. Nikaenda kwenye kibanda cha wakala wa pesa. Kimefungwa. Jirani yake alikuwa anamenya mihogo.

"Wakala yuko wapi, dada?"

"Ametoka. Yuko baharini. Atarudi na maji."

Sikuuliza saa. Jumamosi saa kumi, Jumapili saa kumi na dakika 50, leo basi ni saa kumi na moja na dakika 40. Nikakaa kwenye gogo. Saa kumi na moja na nusu ikapita, na kidogo baadaye mtu akaja kutoka ufukweni, amelowa, changu wawili mkononi, akafungua kibanda na kunihesabia pesa zenye magamba. Basi la mwisho la Pangani lilikuwa limeshaondoka zamani.

Jumanne asubuhi nikawa juu ya kivuko, kiatu cha kuazima mguu mmoja na ndala mguu wa pili, katikati ya mto, ndipo mtandao ukarudi wote kwa pamoja na simu ikaita. Ni mwenzangu wa ofisini.

"Uko wapi wewe? Meza yako ina foleni tangu asubuhi. Nimewaambia umetoka kidogo. Sasa kuna mzee mmoja hapa hataki kuondoka, anauliza utarudi saa ngapi."

Kazi kwetu huanza saa mbili. Nikautafuta mwezi, nikaukuta bado upo, umepauka juu ya minazi ya Bweni, umeshaanza kulika upande mmoja.

"Mwambie kesho," nikasema. "Saa mbili na dakika 50."