Injinia wa Ukoo

"Mjomba, mbona hii ilikuja inawaka hivyohivyo toka kiwandani?"

Mpwa wangu wa kidato cha pili aliyasema haya jana usiku, mbele ya wageni, huku anatafuna karanga. Siku tatu nyuma nilikuwa nimerusha video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: bodi ya kielektroniki ya kujifunzia kuprogramu, Arduino Nano, ndogo kama kidole, taa yake inawaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja. Nikaandika, "Programu yangu ya kwanza." Shangazi akaniombea dua. Baba mdogo akaanza kuniita Injinia.

Kumbe programu yangu haikuwahi kufika kwenye bodi. Maandishi mekundu yaliyotokea kila nilipobofya kitufe cha kupakia niliyachukulia kama masharti ya mkopo: yapo, ila hayasomwi.

Mchawi alikuwa waya, niliouchomoa kwenye spika ya zamani. Waya kamili wa USB wa bodi hii una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Wangu ulikuwa na zile za umeme tu. Basi bodi ilikula ikashiba, lakini haikusikia neno. Na chipu yake, ATmega328P, haisahau: ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, na hata ukikata umeme programu inabaki. Ukiurudisha, inaanza upya, na ikifika mwisho inarudi mwanzo, milele. Mapigo milioni 16 kwa sekunde, yote yakitii amri ya mtu wa kiwandani, huku mimi napokea pongezi!

Lakini niseme ukweli, nimekasirika. Waya ule una ganda lilelile na kichwa kilekile kama waya wa kweli. Hakuna alama hata moja ya kumwonya mnunuzi kwamba nyuzi mbili hazimo. Na yale maandishi mekundu yameandikwa kwa Kiingereza cha mtu aliyekwisha kulijua jibu.

Mpwa akaleta waya mwingine. Nikasahau nukta-mkato kwenye programu. Nikaunguza taa mbili za LED kwa kukosa rezista.

Leo alfajiri taa ya bodi iliwaka mara tano kwa sekunde, kwa amri yangu mwenyewe. Nikarusha video mpya.

Baba mdogo akajibu: "Injinia, mbona imeharibika?"