Koki Inayouma

Kule Milepa, bondeni kwa Ziwa Rukwa, suala la maji ya moto humalizwa na jua: bomba lililoachwa nje mchana hutoa maji ya kuogea bila mtu kuombwa hela. Ukipanda uwanda wa Ufipa hadi Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai utamkuta mtu mzima akijadiliana na ndoo. Ndiyo maana hita ya umeme inanunuliwa, na mara nyingine koki inayouma kwa umeme inakuja nayo. Wenyeji huifungua kwa ncha ya taulo, ndala miguuni, na mgeni huonywa asishike ya moto na ya baridi kwa pamoja, kwa sauti ileile ya kumwambia kuwa mbwa wa hapa hang'ati. Hitilafu imeshakuwa shemeji: inasumbua, lakini nani ataifukuza?

Dawa yake ni waya wa kijani na manjano unaofunga bomba la moto, bomba la baridi na bodi ya hita, kisha ukaunganishwa na waya wa ethi wa nyumba. Kazi yake wengi wanaidhania vibaya. Si kuuzika umeme ardhini kama marehemu. Ni kuvifanya vyuma vyote viwe na volti moja, maana umeme hupita mwilini pale tu mkono mmoja unapokuta volti tofauti na mkono wa pili, au na mguu. Ndege anayetua kwenye waya wa nguzo hana elimu ya ufundi, ila kanuni hii anaiishi.

Utaambiwa: si sakiti breka ipo? Ipo, na itatazama tu. Chukua fimbo ya ethi yenye ukinzani wa omu 50, jambo lisiloshangaza kwenye udongo uliokauka kiangazi. Volti 230 zitapitisha humo ampia 4.6, na breka ya ampia 20 itaona hiyo ni pasi inanyoosha nguo. Mwili uliolowa, wenye omu 1,000 hivi, ungepitisha miliampia 230, wakati kifaa cha kukata umeme unaovuja huwekwa kikate kwenye 30. Kwa hiyo kifaa hicho nacho kinatakiwa, kwa sababu waya wa kufunga mabomba hauifungi sakafu ya saruji iliyolowa. Wa pili atasema bomba la chuma limeshafukiwa, lina ethi yake. Lilikuwa nayo, mpaka fundi alipoziba palipovuja kwa kipande cha plastiki. Mwenye mabomba ya plastiki tupu ana hoja bora: hana chuma cha kufunga. Lakini hita yake bado inadai ethi, maana maji ya bomba nayo hupitisha umeme kidogo. Anayetegemea ndala naye akumbuke kwamba mkono wa pili, ulioshika koki ya baridi, haujavaa kitu.