Ngamia Aliyehesabu Nyayo

Palikuwa na nchi ng'ambo ya mito miwili, mfalme wake Nyati na riziki yake mafuta. Katikati ya mji, chini ya mkwaju mkubwa, kilisimama kinu cha kukamulia kilichochongwa katika shina moja la mti. Ndani yake mchi mzito, mchi umefungwa kwenye boriti ndefu, mwisho wa boriti nira, na chini ya nira Ngamia, kafungwa kitambaa machoni asishikwe na kizunguzungu kwa kuzunguka tangu alfajiri hata jua kuchwa. Kinu kilikuwa kimoja, lakini mafuta yalikuwa ya namna nne: ya ufuta, ya mbata, ya karanga na ya nyonyo. Kila mbegu ilikuwa na mchi wake, maana ufuta ni laini na mbata ni ngumu, na kila walipotaka kutoka mafuta haya kwenda yale ilibidi Ngamia asimamishwe, mchi ung'olewe, kinu kisafishwe, mchi mwingine ufungwe. Kazi hiyo waliiita Mageuzi, nayo ilianza saa moja ya asubuhi ikaisha saa tano.

Waziri wa hesabu alikuwa Nungunungu, aliyeandika kwa miba yake mwenyewe, na kwa haki ya Mungu alikuwa mtu wa bidii. Alipoona asubuhi nzima inapotea, alikesha siku tatu akapiga hesabu, kisha akaingia barazani kwa mfalme. "Maulana," alisema, "Mageuzi yana gharama. Ukiigawa gharama hiyo kwa mitungi kumi, kila mtungi unaelemewa. Ukiigawa kwa mitungi elfu, kila mtungi unabeba kiasi cha unyoya. Basi na tukamue ufuta mwezi mzima, kisha mbata mwezi mzima, na tuyaogope Mageuzi kama tunavyoogopa ukoma." Baraza lote lilitikisa vichwa. Hesabu ilikuwa sahihi kila mstari, na ubaya wake ulijificha humo humo katika usahihi, kwa sababu ndani yake palikuwa na namba moja, ile ya saa nne, ambayo hakuna aliyewahi kuifungua aone imejaa nini. Waliipokea kama watu wapokeavyo kiangazi.

Mwezi wa ufuta ukafika, na mitungi ikajaa ghala la kwanza hata mlango ukagoma kufunga. Likajengwa la pili. Wateja wa ufuta wakanunua walichohitaji wakatosheka, mafuta yaliyosalia yakakaa gizani yakaanza kuchacha, na panya wakanenepa. Bi Kanga, mpika vitumbua wa kando ya soko, alikuja na chupa yake kutaka mafuta ya nazi, akaambiwa arudi baada ya siku ishirini na mbili. Akarudi siku ya ishirini na mbili, akaambiwa zamu ya karanga imetangulia. Hakugomba. Alisimama kidogo akiitazama ile mitungi elfu ya kitu asichokihitaji, akaigeuza chupa yake juu chini, akaenda zake ng'ambo ya mto kwa watu wengine. Nungunungu akaandika daftarini kwamba mahitaji ya mafuta ya nazi yamepungua.

Ndipo likaitishwa baraza la kujenga ghala la tatu. Mawe yalikuwa yamekwisha kuchongwa na kurundikwa kando ya kinu. Siku hiyo kaskazi ilikuwa imemleta Korongo mmoja mzee, ndege wa safari ndefu aliyefika kutoka visiwa vya Japani, akakaribishwa kahawa na tende, na kwa adabu ya mgeni alinyamaza mpaka alipoulizwa. Alipoulizwa, alisema hivi.

"Maulana, huko nitokako wapo wanadamu wanaokandamiza mabamba ya chuma kwa mashine, na kila umbo la bamba lina kalibu yake, kama kila mbegu yenu ilivyo na mchi wake. Mwaka 1950 nilitua juu ya paa la kiwanda cha Toyo Kogyo mjini Hiroshima. Mashine ya tani 800 ilikuwa imesimama, wanabadilisha kalibu, na fundi mmoja akaanza kukimbia huku na huko. Alikimbia zaidi ya saa nzima. Alikuwa anatafuta bolti moja ya kufungia kalibu, nayo haikuonekana. Mwishowe alichukua bolti ndefu ya mashine ya jirani, akaikata, akaitia hesi upya, akaja nayo akitokwa jasho. Palikuwa na mtu akimtazama, jina lake Shigeo Shingo. Wengine walimwona fundi mchapakazi. Yeye aliiona ile saa. Akamuuliza: na ile mashine uliyoinyang'anya bolti yake, itakapofika zamu yake utafanyaje? Tangu hapo akazigawa kazi zote za kubadilisha mafungu mawili: zile zisizofanyika mpaka mashine isimame, na zile zinazoweza kufanyika huku mashine inaendelea kuzunguka. Mwaka 1969 nilimwona tena, kwenye kiwanda cha Toyota, mbele ya mashine ya tani 1,000 iliyohitaji saa 4 kubadilishwa. Wajerumani wa Volkswagen waliimaliza ya kwao kwa saa 2. Watu wa Toyota wakahangaika miezi sita wakafika dakika 90. Nikadhani wamemaliza. Wakubwa wakasema sasa tunataka dakika 3, na kwa miezi mingine mitatu wakazipata."

Baraza likacheka. Nyani, mkuu wa wafungaji, alisema hayo ni mambo ya chuma, na mti si chuma. Kobe, mtunza ghala, alisema ndege waliokwenda mbali hurudi na maneno marefu. Mfalme hakucheka. Aligeuka akatazama kinu, na kwa kuwa siku ile ilikuwa siku ya Mageuzi, Ngamia alikuwa amesimama chini ya nira, kitambaa machoni, kama alivyosimama tangu saa moja.

"Nawe," mfalme alimwambia, "ukisimama hapo asubuhi nzima huwa unafanya nini?"

"Nahesabu nyayo, Maulana," Ngamia alijibu. "Mimi sioni, na asiyeona hana kingine cha kufanya. Kutoka kinuni hadi ghalani ni nyayo mia mbili na kumi na nne, na Nyani ameuendea mlango ule mara sita leo. Mara ya kwanza alikwenda kuutaka mchi, akakuta mlango umefungwa. Mara ya pili alimfuata Mzee Kobe kwake kuomba ufunguo, nyayo nyingine mia tano za kwenda, na za kurudi nyingi zaidi kwa kuwa alirudi na Mzee Kobe. Mara ya tatu alitoka na mchi, nikasikia ukiangushwa: ulikuwa wa karanga. Ya nne, mchi wa mbata. Ya tano, kabari, na kabari haikuonekana, wakaitoa ya lango la mji, ndiyo maana mbuzi wako shambani hivi sasa. Ya sita, nyundo. Muda wote huo hakuna mkono uliogusa kinu."

Pakawa kimya. Ngamia aliendelea kwa sauti ile ile.

"Kisha nasikia kamba ya usumba. Huzungushwa mara kumi na tano shingoni mwa mchi, na kwa sikio langu mizunguko kumi na minne hailii, hailii kwa sababu haikazi. Unaolia ni wa mwisho. Kisha Nyani hufunga upande wa kulia, akazunguka kinu, akafunga wa kushoto, akarudi kulia kulegeza alichofunga, na Ngedere amesimama kushika taa mchana. Kisha wanabishana urefu, maana michi minne ina vimo vinne, wakipandisha boriti na kuishusha kwa vipande vya ubao. Kisha natembezwa kidogo. Mtungi wa kwanza humwagwa, wa pili huonjwa, wa tatu hugombewa. Kukifika kufunga kwenyewe, Maulana, kufunga kwa kweli, huwa sijamaliza kucheua tonge moja."

Nimeisimulia hekaya hii mara nyingi, na kila nifikapo hapa nayatazama macho ya wasikilizaji, kwa sababu wapo ambao hujua mara moja ufunguo wa Mzee Kobe unakaa mfuko gani kwao.

Mfalme hakumpiga Nyani wala hakumfukuza Kobe, na kwa hilo namsifu, kwani hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu; miguu ya Nyani ilikuwa imevimba kwa bidii. Alisema tu kwamba tangu kesho Ngamia asisimamishwe mpaka mchi unaofuata uwe umelazwa kando ya kinu, na kabari zake, na nyundo, na mtungi wa maji ya kusafishia, na kile kitokacho kisirudishwe ghalani mpaka Ngamia awe amekwisha kuondoka. Hawakununua kitu. Kwa hilo peke yake, Mageuzi yalishuka hadi saa moja na nusu.

Kisha wakaanza kufikiri, na wa kwanza kufikiri alikuwa Nyani, aliyekuwa amecheka. Aliwaza juu ya ile mizunguko kumi na minne isiyolia, akachonga tundu katika shingo ya kila mchi, ili kabari moja ipigwe pigo moja ishike. Ngedere aliacha taa akasimama kushoto, Nyani kulia, asizunguke mtu. Fundi wa mji akakata vitako vya mbao, kila mchi na cha kwake, vimo vinne vikawa kimoja, boriti haikupandishwa tena wala kushushwa, na mtungi wa kwanza ukatoka unauzika. Mwezi wa tano Mageuzi yalichukua muda wa kikombe cha kahawa kupoa.

Nungunungu alifurahi kuliko wote, akaja barazani na daftari jipya. "Maulana, tumepata asubuhi nzima! Sasa ufuta tukamue mwezi na siku kadhaa, tulijaze na ghala la tatu!" Nami nasema, na nasema bila kumdharau, kwamba hapo ndipo nchi ile ilipokaribia kupotea mara ya pili, na wengi hupotelea hapo hapo baada ya kuushinda mlima. Walikuwa wameukata mnyororo uliowalazimisha kukamua mwezi mzima, na mkono wa kwanza ulionyooshwa ulikuwa wa kuufunga tena.

Ngamia naye alikuwa na neno lake. "Zile saa nne, Maulana, zilikuwa zinawauma ninyi, kwangu zilikuwa pumziko. Mmezichukua, na sikatai. Lakini mguu wangu utapumzika wapi?" Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, na lilipotajwa waliona haya.

Mfalme akakaa na Nungunungu usiku kucha, wakaipiga upya ile hesabu ya kwanza, wakaweka kikombe cha kahawa mahali pa saa nne. Hesabu ilikuwa ile ile, mwandishi yule yule, mwiba ule ule, na jibu likatoka kinyume. Tangu hapo asubuhi walikamua ufuta, kabla ya adhuhuri mbata, alasiri karanga au nyonyo kadiri ya chupa zilizoletwa, na baina ya adhuhuri na alasiri Ngamia alifunguliwa nira na kitambaa akalazwa kivulini, kwa amri iliyoandikwa. Bi Kanga alipelekewa habari ng'ambo ya mto. Alikawia kuja, kama akawiavyo mtu aliyewahi kurudishwa mara mbili, kisha siku moja akaja na chupa ile ile, akasubiri kwa muda wa kikombe kimoja, akaondoka na mafuta yenye joto la kinu.

Ghala la tatu halikujengwa. Mawe yake waliyapanga yakawa jukwaa dogo kando ya kinu, na juu yake imesimama michi minne, kila mmoja na kabari yake, nyayo tatu kutoka miguuni pa Ngamia.