Tuisifu Kazi Isiyo na Mshindo

Wapo waliosifu panga za mababu, wapo waliosifu mizinga ya manowari, na wapo, Mungu awasamehe, waliosifu hata gwaride la saa kumi alfajiri. Mimi nasimama kuisifu kazi isiyotungiwa wimbo: kuweka vyuma vya kulengea vya bunduki mahali pake pa kuanzia, kabla ya risasi ya kwanza kutoboa karatasi. Haina moshi wala mshindo. Askari anayeifanya huinamisha kichwa kama mtu anayechambua mchele, na apitaye akamwona hudhani bunduki imeharibika.

Enzi yake kamili ilikuwa kwenye M16A2, bunduki iliyoingia katika majeshi ya Marekani miaka ya 1980. Tundu la kuchungulia la nyuma husogezwa kulia au kushoto mpaka lisimame kwenye alama ya katikati. Kigurudumu chake cha kupandisha hushushwa hadi mwisho, kwenye alama ya 8/3, yaani mita 800 na mita 300, kisha hupandishwa mlio mmoja tu, yaani hatua moja ya kigurudumu, kwa kuwa upimaji utafanyika kwenye mita 25. Kichuma cha mbele nacho huzungushwa hadi kitako chake kiwe sawasawa na ukingo wa kishimo kilimokaa. Basi, imekwisha. Hakuna kilichofyatuliwa, hakuna aliyepigiwa makofi, na sajini amekwishapiga miayo.

Lakini tazameni adabu inayofundishwa hapo. Kile kichuma cha mbele hufungwa na kipini chembamba chenye springi, ambacho ncha ya kidole haikiwezi. Askari asiye na kifaa chake hukibonyeza kwa ncha ya risasi. Naam, risasi! Ile ile iliyoundwa iruke zaidi ya mita 900 kwa sekunde, inayoogopwa na majemedari, huanza utumishi wake ikiwa bisibisi. Nionyesheni kazi nyingine iwezayo kumshusha mkubwa cheo namna hiyo, naye asinung'unike.

Tena ni kazi inayomaliza mirathi. Bunduki ya ghalani huwa imepita mikono mingi. Aliyetangulia alikuwa na shavu nene, au alikibana kitako cha bunduki kwapani, au alikuwa na namna yake ya kukunja jicho, na vyuma vimebaki kama vilivyokuwa siku alipohamishwa kambi. Anayezichukua alama hizo kama alivyozikuta hurithi kasoro za mtu asiyemjua, kisha atashangaa kwa nini risasi zake zina tabia za kigeni. Kurudisha kila kitu katikati huwatenganisha marehemu na warithi bila kadhi wala wakili.

Wapinzani watasema: katikati si mahali sahihi, na risasi zitakwenda pengine tu. Kweli kabisa, na hiyo ndiyo fahari yake. Kazi hii haijawahi kumwahidi mtu kwamba atapiga shabaha. Inachompa ni nafasi ya kukosea pande zote kwa usawa. Skrubu iliyoanzia mwisho wa nyuzi zake ina njia moja tu ya kwenda. Iliyoanzia kati inaweza kukubali ushauri kutoka upande wowote. Ndipo matundu matatu ya kwanza kwenye karatasi yanapoaminika. Yakikaa pamoja ndani ya duara la sentimita 4, hata kama duara lenyewe liko mbali na shabaha, yanatoa ushahidi unaoeleweka: mlio mmoja wa kichuma cha mbele huhamisha risasi sentimita 0.9 kwenye mita 25, na mlio mmoja wa pembeni wa tundu la nyuma sentimita 0.3. Watu wa haraka huviona vipimo hivyo vya kitoto. Wazidishe mara 12, wafike mita 300, waone jinsi sentimita 0.9 inavyogeuka karibu 11, na jinsi mlenga kifua anavyojikuta amempiga mtu tumboni.

Yako maajabu mengine. Ukitaka risasi ipande, unashusha kichuma cha mbele. Ikienda chini mno, unaifuata kwa kichuma huko huko chini. Mshale uliochongwa pale mbele, wenye neno la kupandisha, ukiufuata kichuma huzama. Kosa hurekebishwa kwa kuelekea lilikoelekea. Serikali nyingi zimeujaribu mtindo huu katika mambo ya fedha. Ni kichuma hiki peke yake kilichofanikiwa.

Siku hizi darubini na vioo vya nukta nyekundu vimevisukuma vyuma hivi pembeni, vikabaki akiba ya siku betri itakapokufa. Wenye vioo wasijidai. Nao, kabla ya kupoteza risasi hata moja, huchomeka taa ya leza mdomoni mwa mtutu na kuilinganisha na nukta yao, wakitafuta pa kuanzia. Mwanzo wa ngoma ni lele, hata kama mpigaji siku hizi anatumia umeme.

Basi nashauri kazi hii itunukiwe nishani. Isivaliwe upande wa kushoto kama nishani nyingine. Ikae katikati kabisa ya kifua, ikiwa imepimwa kwa rula, na asiwepo jemadari wa kuisogeza hata kidogo mpaka alete sababu yake kwa maandishi, ikiwa na matundu matatu.