Si Shiriki, ni Shirikisha

Ofisi yetu ni ndogo: watu sita, feni mbili, na birika la umeme ambalo ukiliwasha printa ikiwa inafanya kazi, jengo zima linaingia giza. Tuko Sinza, tunatafsiri na kupanga vitabu vya watoto. Mhariri wetu wa lugha si mwajiriwa. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mama wa miaka sabini na ushei anayeishi Tanga, na akikutana na "pia vilevile" kwenye sentensi moja hawezi kunywa chai mpaka mmoja wao aondoke.

Miaka yote tulimtumia miswada kwa barua pepe. Kisha Mwalimu akahariri nakala ya Jumatatu, mimi nikapanga kurasa kwa nakala ya Jumatano, na kitabu kikarudi kutoka kwa mchapaji sungura akiwa amezikwa ukurasa wa 9 na anacheza ngoma ukurasa wa 14. Bosi akapiga marufuku viambatisho. Kuanzia siku hiyo kila faili, na alisisitiza kila faili, likae ndani ya programu ya ofisi, wote tufanyie kazi humohumo. Mwalimu aalikwe kama mgeni.

"Dakika tano tu, bosi," nilisema, tena mbele ya mashahidi.

Jumanne saa tatu asubuhi nikatuma mwaliko, nikapiga simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mwaliko wako nimeuona. Una makosa mawili."

Nikamweleza kwamba mwaliko unaandikwa na mashine. Akasema mashine nayo ina mwalimu wake.

Aliingia vizuri. Jina lake likatokea kwenye ukumbi wetu wa mazungumzo, likifuatiwa na neno "Mgeni" kwenye mabano. Akatusalimu, sote tukaandika shikamoo. Kisha akabonyeza palipoandikwa "Faili", na simu ikawa kimya kwa muda.

"Inasema sina ruhusa ya kufikia rasilimali hii." Akavuta pumzi. "Rasilimali ni madini. Huyu si sungura?"

Kijana wetu wa TEHAMA huja siku tukiwa na pesa, kwa hiyo nilimpata kwa simu akiwa kwenye daladala. Akanieleza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: kwenye programu hizi mazungumzo yanakaa kwake na mafaili yanakaa kwake. Ukimwalika mtu ukumbini hujamfungulia ghala. Ghala lina swichi zake, moja ya ofisi nzima, nyingine ya kila eneo la mafaili, na zikipingana inayoshinda ni ile kali. Akaingia kwa simu yake akaziwasha zote, akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akaniambia nisubiri. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24. Nilimuuliza ni swichi gani duniani inayowashwa leo ikawaka kesho. Akasema amefika kituoni.

Wakati huohuo nilikuwa na balaa jingine. Kuna mtu nisiyemjua, mwanamke kwa jina lake, alianza kuomba ruhusa ya kuingia kwenye folda ya sungura. Ombi lilikuja kwenye barua pepe yangu likiwa na vitufe viwili, Kubali na Kataa. Nikakataa. Baada ya dakika kumi akarudi. Nikakataa. Kufikia Jumatano mchana alikuwa ameshaomba mara kumi na moja, na mara ya mwisho aliandika, "Tafadhali, nimekaa hapa tangu asubuhi." Nilimpelekea bosi taarifa kwamba tunavamiwa. Bosi akanipongeza kwa kuwa macho.

Saa 24 zikapita, Mwalimu bado yuko nje ya ghala. Nikaamua nione kwa macho yangu anachokiona yeye, na hapo ndipo nilipogundua kwamba programu yake ameiweka kwa Kiswahili. Yangu ni ya Kiingereza. Ofisi nzima iko kwa Kiingereza, sisi tunaokula kwa jasho la kutafsiri vitabu kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyoikuta.

"Mwalimu, bonyeza 'Share' nione skrini yako."

"Haipo."

"Juu, mkono wa kulia."

"Juu mkono wa kulia pameandikwa 'Shiriki'. Nishiriki nini?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Siyo hiyohiyo. Kushiriki ni mimi kuingia kwenye jambo. Kumpa mwenzangu sehemu yake ni kushirikisha. Sasa niambie, wanataka niingie au nitoe?"

Nilimwomba, kwa heshima zote, ashiriki tu kwa makosa.

Skrini ikaja. Faili lilikuwa linafunguka kwenye brauza, si ndani ya programu, na kwenye pembe ya brauza palikuwa na kiduara chenye herufi mbili. Hazikuwa herufi za jina lake.

"Hizo ni za binti yangu," alisema Mwalimu. "Naye anafundisha. Hiki kishikwambi ni chake, katika vile vilivyohesabia watu kwenye Sensa ya 2022 wakapewa walimu."

Nikamuuliza binti anaitwa nani, akaniambia.  Jina lake, pamoja na la mumewe, nilikuwa nimeyakataa mara kumi na moja.

Kwa hiyo kwenye programu Mwalimu alikuwa yeye mwenyewe, mgeni halali mwenye mwaliko, lakini kila akigusa faili brauza ilimpeleka mlangoni kwa jina la bintiye. Mlangoni nilikuwa nimesimama mimi na rungu. Sikumwambia. Nilisema tu kwamba "mfumo" ulikuwa na hitilafu, neno ambalo limeokoa ndoa na ajira nyingi hapa nchini.

Dawa inajulikana: fungua dirisha la faragha la brauza, lisilomkumbuka mtu, uingie upya. Tukafanya. Dirisha la faragha likataka uthibitisho, tarakimu zilizotumwa kwenye barua pepe ya Mwalimu, na zina dakika zake, zikipita zimekufa. Barua pepe iko kwenye simu, simu iko chumbani inachajiwa, miwani iko sebuleni juu ya redio. Tarakimu za kwanza zilikufa njiani. Za pili zilisomwa vizuri kabisa, isipokuwa zilikuwa zile za kwanza.

Alhamisi mwenzangu wa meza ya pili akashauri tuweke muswada kwenye flashi na kuipeleka stendi ya Mbezi, ipande basi la Tanga. Tukacheka, lakini flashi ingefika kabla ya magharibi. Tena mwaka 2009 huko Afrika Kusini kampuni moja iliyochoshwa na intaneti ilimfunga njiwa mguuni kadi ya kumbukumbu ya GB 4. Njiwa aliitwa Winston. Aliruka kutoka Howick hadi Durban, na mpaka data zinaingizwa kwenye kompyuta zilikuwa zimepita kama saa mbili. Kwa muda huo mtandao ulikuwa umefikisha asilimia 4. Njiwa hakuombwa tarakimu.

Saa kumi na moja jioni, bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, nilifanya ambacho kijana wa TEHAMA alinikataza mara mbili. Nilitengeneza kiungo cha aina ile ambayo yeyote akiwa nacho anaingia na kuhariri, bila jina, bila tarakimu. Nikamtumia Mwalimu kwa WhatsApp.

"Naam," akajibu. "Limefunguka."

Ofisi ilipiga makofi. Mtu akawasha birika na umeme ukakatika.

Ijumaa asubuhi sungura alikuwa amekamilika, masahihisho 41, yote ya haki. Kilichonishtua ni kwamba bajeti ya robo mwaka nayo ilikuwa na masahihisho. Na tangazo la likizo. Na orodha ya zamu za kufagia, ambamo "ufagiaji utafanyika" ilikuwa imekuwa "tutafagia". Maoni yote yameandikwa jina moja: Mgeni. Nikarudi kukiangalia kile kiungo. Nilikuwa nimebonyeza folda ya juu, mama wa mafolda yote.

Kila faili, bosi alisema, nami ni mtiifu. Nilishuka taratibu mpaka kwenye folda yangu, mpaka kwenye faili linaloitwa "Barua ya nyongeza ya mshahara, rasimu ya 4".

Pembeni ya aya ya pili Mgeni alikuwa ameandika: "Umejishusha mno. Ondoa 'samahani kwa usumbufu', taja kiasi. Koma baada ya 'maisha' haina kazi."

Chini yake palikuwa na jibu la saa moja na dakika kumi asubuhi, lenye jina la bosi: "Kuhusu koma nakubaliana na Mwalimu."